Sababu ya Safari

Jumatano, tarehe 17 Machi 1976. Mvua ilinyesha Bunda tangu alfajiri, na hadi saa mbili asubuhi manyunyu yalikuwa bado yanagonga mabati ya ofisi ya pamba.

Thadeo Machage, tarishi, alikung'uta matope viatuni, akapeleka mkono kwenye msumari nyuma ya mlango kuchukua ufunguo wa pikipiki. Mkono uligusa ukuta mtupu.

Penina, mpiga taipu, aliacha kupiga. Hilo nalo Thadeo aliliona. Kila asubuhi Penina humtania kwa kofia yake kuukuu. Leo macho yalikuwa kwenye karatasi.

"Dada, ufunguo uko wapi?"

"Ndugu Danford anakusubiri. Na daftari la safari analo yeye."

Thadeo alisali kimoyomoyo kabla ya kugonga mlango. Kuna mtu amemsema. Lakini nani, na amesema nini?

Danford, msimamizi wa usafiri, alihamishiwa Bunda kutoka Dar es Salaam miezi mitano iliyopita. Mbele yake, kwenye benchi, alikaa Mzee Makongoro, mjumbe wa nyumba kumi wa njia panda ya Bugwema, na bomba la kunyunyizia pamba dawa likiwa miguuni pake. Kumbe ni huyu, Thadeo akawaza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu, akiliangalia bomba.

Danford alisoma kwa sauti: "'Jumanne. Bunda hadi Bugwema, kupeleka barua.' Sawa. 'Bugwema hadi mahame, kilomita tisa. Sababu: kujifurahisha kwenye mvua.' Ndugu Machage, haya umeandika wewe?"

"Ni mimi. Daftari linauliza sababu, nikaandika sababu."

Thadeo alijifunza kuandika akiwa na miaka arobaini, katika darasa la jioni, baada ya kazi. Kila mstari aliuandika polepole, kama kwamba Mungu atausoma kabla ya Danford.

"Hata mbuzi mvua ikinyesha anajificha," Danford alisema. "Mtu mzima anajifurahisha vipi? Na kule mahame hakuna anayeishi. Ulikutana na nani? Ulibeba sukari? Mafuta ya kula?"

"Sikubeba kitu."

"Mzee, rudia ulichoniambia."

Makongoro alikohoa. "Mimi nimekuja kuchukua bomba tu, nikaulizwa. Jana mvua kubwa, sisi wote tuko ndani. Pikipiki inapita, aliyepanda anaimba. Nikajisemea, mwenye akili zake hawezi. Labda kuna kitu."

Thadeo alivua kofia. "Kule ndiko tulikoishi kabla ya kuhamishiwa kijiji kipya mwaka sabini na nne. Baba amelala kule. Mama tumemzika Januari kijiji kipya, katikati ya watu asiowajua, na kila siku alikuwa anaomba nimrudishe kwake. Tangu hapo hata kanisani sauti haitoki. Jana mvua ikanikuta njia panda. Nikageuza usukani. Maji yakaniingia mpaka kifuani, matope mpaka magotini, tairi linateleza huku na huku, nikajikuta nacheka. Nikaimba. Nilipofika kwenye ua wa minyaa wa boma letu la zamani nikarudi. Ni hivyo tu."

Danford alimtazama kama mtu anayepima gunia la pamba analoshuku limelowekwa maji ili liwe zito. "Na hiyo ni mara ya kwanza?"

"Mimi nikiwa na huzuni, kwenye mvua naendaga."

Kalamu ilisimama. "Penina, njoo. Hii 'naendaga' ya huku kwenu maana yake nini?"

Penina alisimama mlangoni, akisokota ncha ya kitenge. "Ni kwenda... kila mara."

"Kila mara." Danford aliandika.

"Kwa baiskeli, ndugu," Thadeo alisema haraka. "Nilikuwaga na baiskeli. Pikipiki ni jana tu."

"Umeshasema. Barua ya kukuachisha kazi naweza kuisaini sasa hivi." Danford aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Sauti yake ikalainika. "Lakini mimi si mtu mbaya. Kata mstari huu, andika 'kazi ya ofisi', uchukue ufunguo wako. Ijumaa mkaguzi anakuja kutoka Musoma. Akiona mambo ya mvua ataanza kuulizauliza."

Thadeo aliutazama ufunguo. Ulikuwa ni mshahara wake, sare za shule za watoto, bati la nyumba ambayo bado haijaezekwa. Alitaka kuuchukua. Lakini mtu aliyekuwa mlanguzi wa sukari dakika tano zilizopita, mbona amesafishwa haraka hivi?

Alilivuta daftari, akafunua ukurasa wa nyuma. Alisoma kama anavyosoma siku zote, kidole chini ya neno, kwa sauti, bila haraka.

"'Jumamosi. Gari. Bunda hadi Musoma. Kazi ya ofisi. Jumapili. Gari. Bunda hadi Musoma. Kazi ya ofisi.' Hii ni saini yako, ndugu. 'Jumapili...' Hapa tena Jumapili."

Mzee Makongoro aliacha kuchezea mpini wa bomba. "Kumbe Musoma Jumapili ofisi zinafunguliwa?" aliuliza, kama anayeuliza habari za shamba.

Danford alilifunga daftari, akautia ufunguo kwenye droo. "Penina, weka karatasi kwenye mashine. Huyu anaondoka leo."

Penina hakusogea.

Thadeo alisimama wima, kofia mkononi.

"Mzee Makongoro, na wewe Penina, mnisikie. Pikipiki ya ofisi sikupaswa kuipanda kwa furaha yangu. Hilo ni kosa, na naahidi mbele yenu na mbele za Mungu, sitalirudia. Lakini ule mstari siukati. Ijumaa mkaguzi akija atanikuta hapa mlangoni, nimwonyeshe ukurasa, wangu na ule wa nyuma yake. Na mvua ikinyesha, nitaendaga. Kwa miguu."