Clémentine wa Radio

Asubuhi ile Clémentine alikuwa anatafuta makasi yake, na makasi ilikuwa mu mukono. Alitafuta chini ya mashini ya kushona, akatafuta mu sufuria, akaenda mupaka kwa jirani kuuliza kama mbuzi yao haijameza makasi. Jirani, mama mumoja mwenye kuitwa Louise, alipandisha tu sauti ya radio yake.

“Komunike,” radio ikasema, na ile sauti ya Pacifique, mutangazaji, sauti ya pole pole kama mutu anayesoma majina ya wafu. “Madame Clémentine, mushonaji wa nguo hapa Kasongo, anajulishwa kama makasi iko mu mukono wake wa kuume. Narudilia: wa kuume.”

Clémentine akaangalia mukono.

“Ah. Aksanti, Pacifique.”

“Anakusikia basi?” Louise akacheka. “Enda kushona, mwanangu. Na uniachie sandali yangu, umevaa yako moja na yangu moja.”

Pacifique hakuwa mulozi. Makasi ilikuwa inapotea kila asubuhi saa ile ile, njo maana komunike ile alikuwa anaisoma kila asubuhi saa ile ile, na hajakosea hata siku moja.

Tangu utoto Clémentine alikuwa hivi. Ku masomo walimu walimuita Dirisha, juu mwili ulikuwa unakaa ku banki ya darasa lakini macho ilikuwa inaishi inje. Akakomaa, akajua kushona kuliko wote wa soko. Lakini robe moja ya mama fulani ilikuwa inatoka na mikono tatu, na ingine ilikuwa inangojea mukono wake mupaka mwenye robe anazaa, ananenepa, haiingie tena. Watu walisema ni uvivu. Wengine walisema ni ulozi. Wakamupeleka kumuombea, akasahau kufunga macho, akaanza kuhesabu mende ku ukuta ya kanisa.

Mwenye alimusaidia ni Magloire, infirmier wa hospitali. Siku moja Magloire alikuja kuchukua suruali yake, akaikuta imeshonwa pamoja na robe, na Clémentine iko ndani ya ile robe. Ikabidi waongee muda murefu, juu hawakuwa na namna ya kuachana.

“Mama, hii kitu iko na jina,” Magloire alisema, anafungua uzi pole pole na wembe. “Kifaransa wanaita déficit d'attention. Haiko ulozi, haiko uvivu. Kichwa yako haiko tupu, kichwa yako iko kama soko ya siku kubwa: kila mutu anakuita, na weye unamuitikia kila mutu.”

“Dawa iko?”

“Hapa kwetu sina. Lakini watu wazima wanaishi muzuri nayo. Kumbukumbu yako, iweke inje ya kichwa. Itikia: inje ya kichwa.”

Clémentine akaitikia. Akafikiri: inje ni wapi? Akiandika ku mukono, ananawa. Akiandika ku mulango, anaufungua, hauone tena. Akainua macho, akaona antene ya radio imesimama juu ya mabati yote ya Kasongo. Akasema: ile njo inje kabisa.

Kwetu komunike ya radio inabeba kila kitu: nani amekufa, mbuzi ya nani imepotea, mutoto fulani arudi Wamaza baba yake anamungojea. Clémentine akashonea Pacifique suruali (hii aliishona peke yake, bila mutu ndani), na Pacifique akamuwekea komunike yake kati ya mufu na mbuzi. “Madame Clémentine anaombwa kutoa maharagi ku moto.”

Akatoa. Kwa mara ya kwanza mu maisha yake alikula maharagi isiyoungua. Alilia kidogo, kisha akasahau juu ya nini analia, akaongeza chumvi.

Kutoka siku ile akaishi muzuri. Robe zikatoka na mikono mbili. Alikuwa anakunywa maji wakati radio inamuambia kunywa maji. Kidogo kidogo watu wengine wakaanza kufuata. Ku Nyangwe wavuvi walikuwa wanavuta nyavu wakati Clémentine anakunywa maji. Chef wa kartie, mukubwa wa mutaa, alikuwa anafunga mikutano na maharagi: ikitajwa tu, anasimama, hata kama mutu iko katikati ya neno. Muwindaji mumoja wa Wamaza alipanda kilima kutafuta rezo, akapiga simu: “Mama, samahani, leo umetoa maharagi? Piles ya radio yangu imekufa, na bibi yangu anashika mwiko tangu zamani.” Hata mbuzi ya Louise ilikuwa inasimama ikisikia Pacifique anakohoa.

Sasa asubuhi ile, Clémentine alipofika ku mashini na makasi yake, telefone ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti wa Cirhuza.

Cirhuza alitoka Bukavu kuchimba zahabu kule Salamabila. Walijuana juu ya koti. Clémentine alimushonea koti yenye mukono mumoja uliota mu mugongo. Mutu mwingine angepiga makelele. Cirhuza aliivaa, akaenda nayo kanisa, akasema: “Huu mukono wa nyuma njo wa kukushika nikiwa natembea mbele.” Siku ile Clémentine alimupenda, na hiyo hakuisahau, hata bila radio.

Lakini ujumbe wa asubuhi haukuwa wa kucheka.

“Clé, nakupenda, Mungu anajua. Lakini jana niko chini kabisa mu shimo, na hata kule chini mutu iko na ka-radio. Wakasema: Madame Clémentine aangalie robe, ameivaa ndani-inje. Shimo yote ikacheka. Wakacheka mupaka udongo ikaanguka, Clé! Tulikaribia kufa na robe yako. Sikia. Ndugu zangu wanakuja siku ya yenga, watu wakitoka kanisa, kujijulisha kwenu. Sitaki wasikie bibi yangu ku radio kama mbuzi ya kupotea. Toa jina yako kule. Ukiweza kukaa bila radio mupaka yenga, tunaoana. Ukishindwa, basi. Chagua.”

Clémentine akasikia ujumbe, akausikia tena. Kisha akatoka mbio ku radio mbele ya kusahau.

“Pacifique, futa jina yangu.”

Pacifique akaondoa kaske ku masikio. “Kufuta? Na watu?”

“Watu gani?”

“Mama, watu! Kuna wazee wanakunywa dawa na maji yako!”

“Nataka kuolewa, ndugu yangu.”

Pacifique alimuangalia kama vile anaangalia komunike ya kifo yenye makosa ya jina. “Sawa,” akasema. “Lakini miye sitakuwa pale wakati utatafuta makasi.”

Kesho yake radio ilisoma wafu, ikasoma mbuzi, ikapiga muziki. Jina ya Clémentine haikusomwa.

Kasongo yote ikanuka maharagi ya kuungua. Moshi ulitoka mu kila lupango, kila kiwanja cha nyumba, watu wakafikiri ni vita, kumbe ni chakula. Chef wa kartie alifungua mukutano, na juu hakuna kitu ya kuufunga, mukutano ukaendelea, wakamaliza mambo ya kartie, wakaanza kugawanya mambo ya kartie ingine.

Clémentine naye alitoka kununua uzi. Inje akakuta motard mumoja, Djafari, amesimamisha pikipiki.

“Mama, twende?”

“Twende,” Clémentine akajibu. Alikuwa anaangalia kipepeo ku kofia ya Djafari, na mudomo wake ulikuwa na tabia ya kukubali mbele ya ulizo kumalizika. Djafari alikuwa anaenda Nyangwe. Basi na yeye akaenda Nyangwe. Mu njia waliongea muzuri sana, juu ya vipepeo.

Kushuka Nyangwe, akasikia kilio. Turubai imefungwa, wanaume wamekaa ku viti, wanawake wamekaa chini, sufuria kubwa iko ku moto. Na mwanamuke wa kwetu hapite pembeni ya kilio na mikono mitupu. Clémentine akavua kitambaa ku kichwa, akaingia, akakaa, akashika sombe, majani ya muhogo, akaanza kuichambua na wengine. Na akalia. Alilia muzuri, na moyo wote, mupaka watu wakasema huyu atakuwa ndugu wa karibu, wakamusogeza mbele.

Mama Aïcha, muuzaji wa samaki mwenye lupango, akamushika bega.

“Pole, mama. Ulikuwa unamujua sana?”

“Nani?”

“Marehemu.”

“Hapana. Nani amekufa?”

“Clémentine! Mushonaji wa Kasongo, ule wa radio.”

Clémentine akashika mudomo. “Yee! Mungu wangu! Na alikuwa karibu kuolewa!”

“Njo vile. Jana asubuhi alikuwa angali muzima, anatafuta makasi. Leo wamesoma wafu, wamesoma mbuzi, yeye haiko. Tukasema: kama mbuzi iko ku radio na Clémentine haiko, basi amekwenda. Na pale ku wafu hawakumuweka juu familia ingali inalia. Sisi hatukungojea.”

“Muzuri hamukungojea,” Clémentine akasema, anapangusa machozi. “Masikini. Hata miye niko hivyo hivyo, dada. Hata sasa makasi yangu sijui nimeiacha wapi.”

Mama Aïcha akamuangalia. Akaangalia chini.

“Iko mu mukono wako,” akasema pole pole. “Wa kuume.”

Wanawake wote wakageuka. Kutoka nyuma, muzee mumoja akasema na ile sauti ya Pacifique, bila kutaka: “Narudilia: wa kuume.”

Hapo watu wakatawanyika. Wawili wakaruka mu pirogi, wakapiga kasia mupaka katikati ya muto Lualaba, wakasimama kule. Mwingine akapanda juu ya turubai, turubai ikaanguka. Mwenye alikuwa analia kuliko wote akakasirika: “Nimekulilia tangu asubuhi, sauti imeisha, kumbe uko muzima unachambua sombe? Wewe mwanamuke hauna haya!”

“Sikujua kama ni miye!” Clémentine akalia.

“Nani hajue kama ni yeye?”

Muzee wa nyuma akakuja na kifimbo chake, akakaa mbele ya Clémentine. Hakukasirika.

“Mutoto wangu, uko muzima, aksanti Mungu. Lakini miye dawa yangu ya presha, nakunywa wakati unakunywa maji. Leo sijakunywa. Bibi yangu alikufa, hakuna mwenye ananiambia tena. Ni weye tu.”

Clémentine akamushika muzee mukono. Maisha yote alifikiri kichwa kama yake iko moja tu mu Maniema, na wengine wote wanaona makasi.

Mama Aïcha akanusa. “Na maharagi?”

Wote wakanusa. Sufuria ya kilio ilikuwa inatoa moshi mweusi, na hakuna mutu alisimama. Wote walikuwa wanaangalia Clémentine, wanangojea. Hata wale wa pirogi waliangalia.

“Toeni maharagi ku moto,” Clémentine akasema.

Wakasimama wote pamoja, wakatoa. Na muzee akakunywa dawa yake.

Nyuma ya lupango ya Mama Aïcha kulikuwa kichuguu, na juu ya kile kichuguu rezo ilikuwa inafika. Clémentine akapanda. Mama Aïcha akabaki chini, anamushikia robe asianguke, na kila mara anamuita: “Unaandika?” “Naandika.” “Unaandika kweli?” “Niliona munyoo, lakini nimerudi.”

Aliandika:

“Cirhuza wangu, nimeshindwa hata siku moja. Leo nimelia kilio yangu mwenyewe, na nimelia muzuri. Bila radio miye ni mufu mwenye anatembea na makasi. Sitaficha tena. Kesho jina yangu inarudi. Yenga mukuje, weye na ndugu zako, Pacifique atawaambia pamoja na miye wakati wa kutoa maharagi. Ulivaa koti yangu yenye mukono wa mugongo mbele ya kanisa nzima. Radio njo mukono wangu wa mugongo. Kama unanitaka, nitake nayo. Nakungojea.”

Akatuma. Alama mbili zikatokea. Kisha zikageuka bleu.

“Amesoma!” akapiga kelele juu ya kichuguu.

“Anasema nini?” Nyangwe yote ikauliza kutoka chini.

“Bado.”

Djafari akamurudisha Kasongo. Mu kila kijiji watu walikuwa barabarani, juu Djafari alishatuma habari mbele. “Clémentine, uko muzima?” “Niko!” “Amejibu?” “Bado!” Aliona vipepeo mu njia, aliona mutu amebeba mulango ku kichwa, aliona nyani anakula muhogo ya mutu. Vyote vilimuita. Lakini macho yake ilikuwa inarudi tu ku telefone.

Alishuka moja kwa moja ku radio. Pacifique alisimama, akakohoa, na mbali mbuzi ya Louise ikaitika.

“Unarudi?”

“Narudi. Kesho anza na makasi. Na ongeza: muzee wa Nyangwe wa presha, akunywe maji na miye.”

“Sawa. Na yule wa Salamabila?” Pacifique akavuta mikro karibu, akalainisha sauti. “Naweza kumusomea sasa hivi. Bwana Cirhuza, muchimbaji wa zahabu, anakumbushwa kujibu ujumbe wa Madame...”

Clémentine akafunika mikro na mukono.

“Hapana, ndugu yangu. Hiyo akumbuke yeye mwenyewe.”

Akakaa ku banki ya inje, chini ya antene, telefone ku magoti. Alama mbili zilikuwa bleu vile vile, jibu bado. Louise akapita, akaona miguu yake, akafungua mudomo aseme juu ya sandali yake moja. Kisha akakaa pembeni yake, wote wawili wakaangalia kioo ya telefone.