Hashimu Rashidi Wawili

Sipendi faili lenye mabano na namba mbili mwisho wa jina. Linaonyesha kuna mtu hakumaliza kazi yake, na kwenye studio yangu hapa Lushoto mtu huyo ni mimi.

Mwezi uliopita diski ya zamani ilijaa, nikanunua mpya na kuhamisha kila kitu: harusi, maulidi, vipaimara, mahafali, miaka kumi na moja ya watu kukata keki. Kila faili nimeliita kwa jina la mwenye video. Huku mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili kompyuta iliuliza: faili lenye jina hili tayari lipo, nibadilishe, niruke, au niweke yote mawili? Kufikia herufi H nilikuwa nimeshachukia.

Hashimu Rashidi. Asubuhi hiyo hiyo Bibi Shamsa wa Vuga alikuwa amenipigia simu.

"Nathanaeli, nitunzie ile video ya mume wangu Hashimu. Nakuja Alhamisi."

Mume wake namfahamu, soko zima linamfahamu: ni mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Bibi hamwiti vingine. Nikafungua faili lililokwisha kufika kwenye diski mpya, nikamwona kijana na joho lake, nikaridhika. Lile lingine nikajua ni nakala tu. Nikabonyeza "ruka", nikaifuta diski ya zamani yote, na Jumamosi nikaijaza harusi ya Bumbuli.

Alhamisi akaja, amevaa kanga mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, niwekee."

Nikaweka. Akatazama mahafali mpaka mwisho, kwa adabu.

"Huyu ni wa utani," akasema. "Mimi namtaka mwenyewe. Siku ile anampa Rehema nasaha ya ndoa."

Marehemu mume wake sote tulimwita Baba Rashidi. Jina lake hasa niliandika mimi mwenyewe siku ya harusi ya binti yao, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipia video, nikalisahau kabla sijafika nyumbani.

Nikamweleza yote. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama. Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze.

"Hakuna kwingine ilikobaki?"

"Hakuna, bibi."

Akaitazama kompyuta.

"Mimi siku ile nilikuwa jikoni na wapishi, sikumsikia. Rehema nikimuuliza, anasema alikuwa analia. Wewe ulisimama mbele yake." Akavuta kiti, akakaa. "Basi niambie. Alisema nini?"

Nikamwambia habari za koti la kijivu. Nikamwambia kofia ilikaa upande, na kwamba alizungumza dakika kumi na nne.

"Na maneno, mwanangu?"

Dakika zote kumi na nne nilikuwa naangalia betri.