Dawa ya Saa Nane

Mama Saa hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Nesi wa huduma ya nyumbani alimwelekeza kwamba dawa ya maumivu ya mumewe ni kila baada ya saa nne, asingoje mgonjwa alie, asingoje aombe. Siku hiyohiyo alinunua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaanza kuandika: saa kumi na mbili, saa nne, saa nane. Hakuruka hata mstari mmoja.

Sasa mbona Fundi alikuwa anaumia?

Hilo ndilo lililomnyima raha. Mumewe, fundi saa aliyetegemewa na mtaa mzima, alikuwa ameangushwa kitandani na saratani mwezi wa tatu huo, na hospitali ilishasema waziwazi kwamba dawa ya kuiponya haipo. Fundi mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, afie nyumbani kwake. Mtoto wao mkubwa, mwalimu, alikubali shingo upande.

"Mama, hao watu wamemkatia Baba tamaa," alisema kwenye simu. "Jumamosi saa nne asubuhi nakuja. Nikimkuta anaugulia vile, namrudisha wodini, na tusigombane."

Ikafika Alhamisi. Asubuhi ile Fundi alijikunja kitandani, jasho linamtoka, meno ameyauma, na wala hakulalamika. Kiburi cha mzee yule, we acha tu.

Nesi alipofika alimpa dawa, akamweka sawa kwenye mito, kisha akamfuata Mama Saa jikoni.

"Na wewe umekula?"

"Mimi? Mimi siumwi."

"Sikuuliza kama unaumwa, mama. Hatukuja hapa kumharakisha mzee wala kumchelewesha. Tumekuja ili asiumie, na wewe usibebe haya peke yako. Haya, kaa ule."

Mama Saa akakaa, akala, huku amemsukumia daftari mbele. Nesi akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Halikuwa na kasoro. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, akatazama saa yake ya mkononi, akanyanyuka kwenda chumbani, akarudi.

"Mama, dawa ya alfajiri unatazama saa ipi?"

"Ya chumbani."

"Na ya saa nne?"

"Si hii hapa? Muda huo niko jikoni."

"Ile ya chumbani iko mbele ya hii kwa saa nzima na nusu."

Lo! Nyumba ile ilikuwa na saa kumi na saba ukutani, zote za wateja, kila moja inangoja zamu yake ya kutengenezwa na inasema lake. Kwa miaka thelathini na minane, aliyetaka kujua wakati alimuuliza Fundi, naye akatazama saa ya mkononi mwake, ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Tangu augue, hakuna aliyemuuliza tena. Kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, mke wa fundi saa alikuwa anamchelewesha mumewe saa nzima na nusu katika maumivu.

Aliingia chumbani machozi yanamlenga. Fundi alikuwa macho, dawa imeshamtuliza.

"Nimesikia," alisema. "Hizo kuta hazina siri."

"Ulijua?"

"Mke wangu, mimi ni fundi saa."

"Sasa mbona ukanyamaza, baba we?"

"Nilidhani unaiogopa hiyo dawa. Watu husema ukishaanza kuinywa ndiyo basi tena. Nikasema, kama moyo wake unataka kunivuta nibaki kidogo, acha avute. Nitajikaza."

Mama Saa aliangua kilio. Akalia hasa, halafu akapandwa na hasira. "Mzee mjinga wewe! Miaka yote hiyo unanigombeza kwa chumvi, kwa mlango, kwa kila kitu, leo ndiyo unajifanya mpole?"

Fundi akacheka mpaka akakohoa, kicheko cha kwanza tangu augue. Kisha akavua ile saa. Haikupata taabu kuvuka kile kiganja kilichokonda.

"Vaa. Kila asubuhi itie ufunguo taratibu, ukisikia imekaza, acha. Na usinipigie mahesabu kwa saa za watu."

Jumamosi mwalimu aliingia na begi la kumpeleka baba yake wodini. Akamkuta amenyolewa ndevu, ameegemea mito, anamtazama mama kwa jicho la utani.

"Mama Saa, huyu kachelewa dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mwalimu mzima!"

Begi lilibaki mlangoni. Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika mguu wa baba yake, akalia bila kuona haya, na habari ya wodi ikaishia hapo.

Wakapata wiki tano. Fundi alidhoofika kila siku, lakini hakuuma meno tena. Walisimuliana, wakabishana, walipochoka wakanyamaza pamoja.

Jumanne moja Mama Saa aliingia na dawa mkononi, dakika ileile. Fundi alikuwa amelala chali, uso umekunjuka. Alimwita. Alimgusa shavu, akaendelea kuligusa. Kisha akakaa kando yake, akaitazama saa ya mkononi, akafungua daftari na kuandika kwa mwandiko wake ulionyooka:

Saa nane. Hahitaji tena.