Lenzi Moja na Kamba

Muderhwa alikuwa na lenzi nne, na hapakuwa na mtu Kamembe ambaye hajasikia habari zake. Alizinunua Bukavu pamoja na kamera ndogo ya kuning'iniza shingoni, akazishonea mkoba wa ngozi wenye vifuko vinne, na kila alipokutana na Nasiba mpiga picha aliufungua mkoba ule kama babu anayeonyesha wajukuu.

Siku ya harusi ya binti wa Muderhwa, mwaka 1986, Nasiba aliingia uani kwa mzee huyo asubuhi na kamera ya mbao aliyoachiwa na baba yake, kubwa kama sanduku la nguo, ya miguu mitatu na kitambaa cheusi. Lenzi ilikuwa moja tu, imefungwa mbele. Begani alizungusha kamba ya katani.

"Maman Nasiba," Muderhwa alisema, kicheko kikimtoka tayari. "Aparei ya ukubwa ile, na objektifu moja? Unakuya kupiga foto ao unakuya kufunga mbuzi?"

"Byote bibili binawezekana, Papa Muderhwa. Itategemea mbuzi njo nani."

Wageni waliangua kicheko. Nasiba hakuwa na wasiwasi na kazi yake. Kwa kupanga watu na kupima mwanga hakuna aliyemfikia kuanzia mpaka wa Bukavu hadi ule wa Burundi, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri mno. Mtu mmoja tu uani pale ndiye aliyemtia hofu. Ni Odette, mdogo wake Muderhwa, aliyekaa kwenye kiti cha mwisho na mdomo umefumbwa.

Katika ukoo ule picha zote za harusi hupigwa kwenye ngazi za nyumba ya marehemu mama yao Muderhwa na Odette, ambayo sasa Muderhwa ndiye anaishi. Si kanisani, si barabarani: pale pale. Na uani pale ni pafupi, hatua kumi tu toka ngazi hadi ua wa miyenzi, ile minyaa ya utomvu. Miaka kumi na mitano nyuma, Nasiba akiwa na miaka ishirini na miwili na baba yake yuko kitandani, alikuja hapo kupiga picha ya harusi nyingine, na lenzi tatu, maana siku hizo aliamini mkoba ukijaa mpiga picha amekamilika. Akafunga ile inayoona upana mkubwa, watu wote thelathini na wanane wakaingia, akajisifu moyoni. Kumbe lenzi ile ilitengenezewa kamera ndogo. Mwanga wake haukufika kwenye pembe za filamu kubwa. Picha ilipotoka, pembe zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, na ndani ya mojawapo ndimo alimokuwa Odette.

Wenye watoto husimama katikati, wasio nao husimama mwisho. Ndivyo ukoo ule ulivyojipanga, na Odette hakuwa na mtoto. Lilibaki bega lake na sakoshi, mkoba wake wa mkononi, basi. Wageni walikuwa wamekwisha kurudi Bukavu na Uvira, hapakuwa na kurudia. Picha ikatundikwa sebuleni, watoto wakakua wakielekezwa kwa kidole: ile sakoshi ni tantine Odette, shangazi yenu. Tangu hapo hakukubali tena kusimama mbele ya kamera, na Nasiba alizifungia kabatini lenzi mbili, akabaki na ile moja ya baba yake. Aibu haikufungika nazo.

Wiki moja kabla ya harusi Odette alikuja studio, akakataa kiti.

"Nitasimama mara moja tu. Ukinipoteza tena, usinisalimie tena mu njia."

"Maman Odette, nitakuweka katikati, karibu na bibi harusi."

"Apana. Ku mwisho njo nilipotelea. Ku mwisho njo utanitoa."

Kesho yake Nasiba alikwenda uani kwa Muderhwa na kamba. Ilikuwa ya baba yake. Miaka mingi aliidhani ya kuanikia nguo, hadi alipoikagua na kukuta ina mafundo, kila moja likionyesha umbali wa kupigia watu kumi zaidi. Fundo la nne liko hatua ya kumi na saba: hapo lenzi yake moja hubeba watu arobaini, pembe kwa pembe, bila giza. Aliifunga kwenye ngazi akaivuta. Ikapita juu ya miyenzi, ikaishia mlangoni mwa jiko la jirani, Mukarugwiza, ambaye hakuwa akisalimiana na Muderhwa tangu ua ule ulipopandwa, maana alidai umemla nusu hatua ya kiwanja.

Mukarugwiza aliisikiliza shida yote akichambua maharage. "Jiko nakupa," alisema. "Lakini ua aukate yeye mwenyewe, kwa mkono wake, nikimuona."

Sasa siku ilikuwa imefika, na Nasiba alimweleza Muderhwa sharti hilo mbele ya watu.

"Nikate miyenzi yangu? Juu ya foto tu? Objektifu yangu moja inaingiza bantu bote bila kukata kitu!"

"Hata ile ya mwaka ule iliingiza bote. Enda mu salon, uangalie ile foto."

Muderhwa hakwenda. Alimtazama dada yake. Kisha mzee wa watu akavua koti, akaomba panga. Utomvu mweupe ulimrukia shati lake jipya, na Mukarugwiza, mikono kifuani, alikuwa akimhimiza: "Mpaka chini, jirani! Mpaka chini!"

Kamera ikasimama kati ya mafiga na chungu cha maharage. Nasiba alijifunika kitambaa. Kwenye kioo cha nyuma ukoo mzima ulikuwa kichwa chini, miguu juu, na macho yake hayakuanza na bibi harusi. Yalianza pembeni. Akaona viatu vya Odette, kitenge, halafu uso. Mwanga umejaa hadi ukingoni. Alitaka kulia humo ndani ya kitambaa, akajizuia, maana kazi ilikuwa haijaisha.

Akachomoza kichwa, akatia filamu. "Maman Odette, niko nakuona!"

"Muzima?"

"Muzima, mpaka ku bidole!"

"Mwaka ule nilikuwa na meno yote!" Odette alipaza sauti, ikavuka nyua mbili. "Sasa njo unaniona!"

Ukoo mzima ukacheka, Odette akacheka kuliko wote, na Nasiba akafyatua.

Siku ya nne alipeleka picha. Kila mtu alijitafuta. Odette alianzia ukingoni na kidole chake, na hapo hapo akajikuta, kichwa nyuma, kinywa wazi, pengo la meno mawili likihesabika. Muderhwa aliliona, akaona aibu kwa niaba yake. Alikuwa amekwisha kuuliza kamba kama ile inauzwa wapi. Sasa alimgeukia tena Nasiba, polepole.

"Weye unajua kurekebisha filamu na kalamu. Hauwezi kuziba ile pengo ya meno kidogo?"

Odette aliivuta picha kifuani kabla Nasiba hajajibu.

"Asiiguse," alisema. "Miaka kumi na tano nilikuwa sakoshi."