Kila Saa Kumi na Mbili

Tangu Wame arudi na shahada yake ya Cape Town, Onalethata hakuonja tena utamu wa chai ya ofisini. Miaka minne yeye ndiye aliyekuwa akijaribu kila programu kabla haijatoka Gaborone: inafanya kazi vilevile kwenye kompyuta mpya na zile kongwe za zahanati za mbali? Kazi hiyo aliisomea jioni, mtoto amemlalia mapajani. Sasa Wame, mwenye wiki tatu tu kazini, kaandika majaribio mia moja na arobaini ya programu ya kuchapa vibandiko vya maelekezo ya dawa, yote yakapita.

"Mia na arobaini!" Rra Molatlhegi, bosi wao, alirudia kama anayehesabu ng'ombe zizini. "Nadhani kazi ya kuipeleka zahanati za Ghanzi nitampa huyu binti aongoze. Mma Ona, unaonaje?"

"Vizuri, Rra," Onalethata alijibu.

Ghanzi aliisubiri mwaka mzima.

Wenzake walipokwenda kula, alivuta kutoka chini ya meza kompyuta kongwe iliyoletwa kutoka Ghanzi. Vumbi lilikuwa halijaguswa. Wame alikuwa amejaribu kwenye mpya tu. Onalethata aliiwasha, akaingiza jina refu la mgonjwa na maelekezo: meza kidonge kimoja kila saa 12.

Kibandiko kikatoka. Kila saa 1.

Alikisoma mara mbili. Alijua kilichotokea. Katika lugha ya C, amri ya kupanga maneno hupewa nafasi yenye kipimo. Maneno yakizidi, huyakata. Kwenye kompyuta mpya amri hiyo hutaja urefu uliohitajika, na programu ikiona umezidi nafasi hupiga kelele. Ile kongwe hujibu kwa namba hasi tu, na hasi haizidi chochote. Programu ikanyamaza, tarakimu ya mbili ikakatwa.

Angeweza kumwita Wame kando. Hakumwita.

Desturi yao ilikuwa kwamba aliyekamata kosa husimama wakati wa chai, akausoma mstari wa programu wenye kosa kwa sauti, kisha daftari la mabadiliko kwenye kompyuta huulizwa nani aliuandika. Kesho yake Onalethata alisimama, kibandiko mkononi.

"Mtoto wa Ghanzi angemezeshwa vidonge kumi na viwili kwa saa kumi na mbili badala ya kimoja," alisema, akimtazama Wame. "Hiyo ndiyo mia na arobaini yenu."

Wame alishusha kikombe. "Ile kongwe sikuijaribu. Kweli, ausi, dada yangu. Niliiona mbovu."

"Mbovu! Huko Ghanzi ndiyo mpya yao."

Watu wakacheka. Akausoma mstari, taratibu, kila neno likimtoka kama sukari. Rra Molatlhegi akabonyeza daftari. Kisha akainamia kioo, akasoma tena.

"Sema, Rra, tumjue!" mmoja alichokoza.

"Mma Ona," alisema Rra, "ni wewe. Miaka mitatu iliyopita. Wame amejenga juu yake tu."

Masikio yalimwaka moto. Hakulitazama jina kabla ya kusimama. Alikuwa na hakika mno. Mstari ule aliuandika kwa zahanati zenye kompyuta mpya tu, ndiyo maana kosa lake halikuwahi kufichuka. Alingoja Wame acheke. Wame hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Ni wangu," alisema mwishowe. "Na yeye hakuujaribu."

"Basi mtakwenda wote," Rra alisema. "Wame ataongoza. Amekiri kabla ya kuulizwa. Wewe kibandiko chako kina tarehe ya jana, ukakaa nacho."

Hakuna aliyecheka tena. Onalethata alirudi mezani, machozi yakimlengalenga. Wame alimfuata, akavuta kiti mbele ya ile kongwe.

"Ausi, nifundishe. Hata kuiwasha sijui."

Angeweza kukataa. Lakini alimwona yule mtoto wa Ghanzi, asiyemjua, na kiganja cha mama yake kimejaa vidonge.

"Subiri, usiiguse," alisema, akisogea. "Ukiiharakisha inagoma. Wewe kaa utazame."

Wame akaondoa mkono haraka, naye Onalethata akaona raha, raha ndogo mbaya, akaanza kuandika.