Gauni Jeusi la Salha

Kwa miaka tisa Salha alikuwa binti mfalme. Kila Desemba, shule zikishafungwa, Kinjal, mwandaaji wa onyesho, alikodi ukumbi kule Lemara, akatundika mapazia yanayometameta, na watoto wakaja na wazazi wao kusikiliza nyimbo za zile filamu za katuni walizozikariri nyumbani mbele ya runinga. Salha aliziimba kwa Kiswahili, ndani ya gauni la bluu lililombana mbavu, huku Eliud akimpigia kinanda. Miezi mingine aliimba kwenye maharusi, hivyo sauti iliyokuwa ikifika Desemba ilikuwa ya kubembelezwa kama mgonjwa.

Mwaka huu Kinjal alimwita dukani kwake, akamkaribisha chai, akaanza kuzunguka mbuyu.

"Salha, hivi una miaka mingapi sasa?"

"Arobaini na miwili. Sema tu, dada Kinjal."

"Nimepata msichana, anaitwa Nanyori. Anaimba kwaya Kisongo. Wewe nilitaka uimbe mama wa kambo."

Salha alingoja moyo umuume. Ulimuuma kweli, lakini nyuma ya maumivu kulikuwa na kitu kingine alichoona aibu kukitaja.

"Mama wa kambo anakaa au anasimama?"

"Anakaa. Ana kiti kikubwa."

"Basi sawa."

Jumamosi walikuwa na maonyesho mawili. Nanyori, msichana wa miaka ishirini hivi, alimkuta Salha nyuma ya pazia akivaa gauni jeusi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, dada." Salha akaitikia marahaba, akamfunga zipu ya lile gauni la bluu. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa yeye.

Onyesho la asubuhi lilikwenda salama. Salha aliimba ubaya wake wote akiwa amekaa, watoto wakamzomea, na alipotoka jukwaani binti mmoja mdogo alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Miaka yote watoto walimkimbilia wapigwe naye picha. Aliingia chumba cha kuvalia, akavua viatu, akanyoosha miguu mpaka saa nane.

Mchana ukumbi ulijaa, joto likawa kali. Ulipofika wimbo ambao binti mfalme anaimba peke yake, amefungiwa mnarani, Nanyori alimaliza ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili, sauti ilimkauka katikati ya mstari. Alifumbua mdomo, kisitoke kitu. Eliud alirudia kinandani mwanzo wa ubeti mara moja, akarudia tena. Wazazi walianza kugeukiana. Nanyori alitazama huku na huku, machozi yakimlenga, na mtu wa karibu naye alikuwa mama wa kambo, kwenye kiti chake kikubwa.

Salha hakuwaza. Alikuwa amechoka, na kumtazama yule msichana kulimchosha zaidi. Aliinuka, akavuka jukwaa na gauni lake jeusi likiburuzika, akamshika mkono, akaanza ubeti wa pili. Aliimba chini chini, kwa sababu sauti ya juu hakuwa nayo tena. Eliud akamfuata huko chini. Kisha sauti ya mtoto ikasikika kutoka viti vya mbele: "Mama, mbona yule mbaya anamsaidia?"

Kwenye kiitikio Nanyori aliipata sauti yake, nyembamba, inatetemeka, akaingia juu ya ile ya Salha, na wakafika mwisho pamoja.

Nyuma ya pazia Kinjal alikuja mbio, uso umemng'aa. "Kesho fanyeni hivyo hivyo. Wazazi wamelia."

"Kesho aimbe mwenyewe," Salha alisema. "Ni wimbo wake."

Kinjal alitaka kubisha, akamwangalia, akaondoka.

Nanyori alikuwa amekaa sakafuni. "Nisamehe, dada. Nimekuharibia."

"Hujaniharibia. Unavuta pumzi kifuani, ndiyo maana inakuishia. Nilikuwa hivyo hivyo."

"Utanielekeza?"

Salha alisugua nyayo zake. Alifikiria kitanda chake kule Engutoto, na asubuhi moja tu aliyokuwa amejiwekea ya kulala.

"Njoo nyumbani kesho saa tatu," akasema hatimaye. "Usije kabla ya hapo. Na ukinikuta sijaamka, nigongee dirishani taratibu."