Ushuhuda wa Gakuru

Mume wangu Gakuru hajawahi kukosea. Hilo nililijua mwaka wa kwanza wa ndoa, alipotundika mlango wa jikoni kinyume, ukawa unafungukia mvuani, akasema ndivyo alivyotaka. Kwa hiyo kliniki ya hapa Kitengela ilipompima sukari ikapata kumi na tisa, alivitia mfukoni vidonge alivyopewa na kuendesha gari, mimi kando yake, moja kwa moja hadi soko la Kisaju. Tulirudi na mkebe wa unga wa kijani.

"Hii ni miti ya Mungu," akaniambia. "Hizo vidonge ni za wagonjwa."

Kakenya, mama aliyemuuzia, hakuwa tapeli. Alimwambia nikisikia kwamba asiache dawa ya hospitali. Gakuru alisikia alichotaka.

Nilivitoa vidonge kwenye koti. Kila asubuhi na jioni nilisaga kimoja kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga ndani ya kikombe chake. Unga wenyewe ulikuwa mchungu kiasi kwamba ningemwekea hata sabuni asijue.

Baada ya wiki chache sukari ilikuwa kumi na nne. Halafu tisa. Mwezi wa tatu ikafika sita, na Gakuru akaita wapangaji wetu wote waje waione ile mashine ndogo ya kupimia sukari.

"Majani tu, Mugure! Majani tu!"

Machozi yalimlengalenga. Nami, Mungu anisamehe, nilishangaa pamoja naye. Tone moja la damu, na mtu wangu alikuwa anarudishiwa uhai mbele ya macho yangu. Nusura niamini ni ule unga.

Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba majani yamemponya. Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Nilipaswa kusema kitu saa ile ile, lakini nilipiga makofi na wenzangu.

Alhamisi nilimkuta Beverlyne ameketi sakafuni mlangoni kwake. Ni mwalimu, mpangaji wetu wa nyumba namba tatu, na amekuwa akijidunga insulini tangu akiwa msichana. Alikuwa anahema, midomo imekauka.

"Mama Mwihaki, niliacha sindano Jumapili," akasema. "Niko na imani. Nimeanza ile unga ya Baba Mwihaki."

Nilikimbia kuleta mashine. Haikutoa nambari yoyote. Iliandika tu kwamba sukari imepita kipimo.

Siku mbili alilala wodini bila kutujua. Jumamosi asubuhi daktari alisema ataishi. Nilirudi nyumbani nikamweleza Gakuru yote, kijiko chenyewe kikiwa mkononi. Nilingoja anifukuze. Alitoka akaketi kwenye ngazi mpaka chai ikapoa.

Kesho yake kanisani alienda mbele bila kuitwa. Watu walianza kushangilia, akainua mkono.

"Niliwaambia uongo hapa, bila kujua," akasema. "Kitu ilinishushia sukari ni dawa ya hospitali. Bibi yangu alikuwa ananiwekea kwa siri, juu mimi ni kichwa ngumu. Nimekosea. Mwalimu Beverlyne karibu akufe juu yangu."

Miaka thelathini na mbili ya ndoa sijawahi kusikia neno "nimekosea" likitoka kinywani mwake. Sikuona aibu. Nilimtazama yule mzee na koti lake la kahawia nikaona sijawahi kumjua.

"Nani mwingine aliacha dawa?" akauliza.

Kisha Tabitha, mlinda mlango wa kanisa, akainua mkono. Halafu mwingine nyuma, na wawili wa kwaya. Nilihesabu mikono tisa. Wa kumi ulikuwa wa mchungaji.

"Mrudie dawa leo," Gakuru akasema. "Si kesho."

Alirudi kwenye benchi, akaketi kando yangu. Aliuweka mkono wake juu ya goti langu, kiganja wazi.

"Jioni usinisagie," akaninong'oneza. "Nipatie nzima."